Nyumba njema si mlango: je, siku ya kutazama nyumba ingewafaa wauzaji wa Bujumbura?

Katika nchi nyingi za Ulaya, Amerika na Australia, mtu anayeuza nyumba hutangaza siku na saa, aghalabu Jumamosi au Jumapili, akaufungua mlango wake kwa kila mwenye haja. Watu huingia bila miadi, wakazunguka chumba hadi chumba, wakatazama jiko, dari na mabomba, wakapokea karatasi yenye bei na vipimo, kisha wakaenda zao kufikiri. Hakuna anayeulizwa ametumwa na nani.

Hapa Bujumbura desturi hiyo haijaota mizizi. Nyumba huuzwa kwa minong'ono. Hata hivyo, picha za nyumba zinazouzwa Kinindo, Gihosha au Kajaga husambaa katika simu za mkononi, na si ajabu mwenye kuuza akajiuliza kama haingekuwa bora kuweka siku moja, mlango ukawa wazi, kila anayetaka akaja kujionea. Uchambuzi huu unakusudia kulipima swali hilo: je, kufungua nyumba kwa watazamaji wote kunasaidia kuiuza?

Swali si dogo. Kwa mwananchi wa mji huu nyumba ndiyo akiba yake kuu. Mwezi Mei mwaka 2023 Benki Kuu iliposhusha thamani ya faranga, dola moja ilipanda kwa bei rasmi kutoka kiasi cha faranga 2,080 hadi kiasi cha 2,820. Waliokuwa na fedha zao benki waliona nguvu ya akiba hiyo ikipungua. Aliyekuwa na matofali alibaki na matofali yake. Kwa hiyo anayeuza nyumba huwa anauza jasho la miaka 20 au 30, na anayenunua hutoa fedha ambazo akizipoteza hatazipata tena maishani mwake. Katika biashara ya namna hiyo, njia ya kuuza ni jambo la kupimwa kwa makini, wala si la kuigwa tu kwa sababu wengine wanalifanya.

WENZETU WANAVYOFANYA

Tuanze na Marekani, ambako desturi hii ni ya tangu mwanzo wa karne ya 20. Chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba cha huko huwauliza wanunuzi kila mwaka waliipataje nyumba waliyoinunua. Katika miaka ya karibuni karibu nusu yao wamejibu kwamba waliiona kwanza kwenye intaneti, na wengi wa waliobaki walionyeshwa na dalali. Waliosema kwamba waliipata kwa kuona kibao cha njiani au kwa kuhudhuria siku ya mlango wazi ni wachache mno. Hawafiki mmoja katika kila kumi. Wanaokwenda kutazama ni wengi, lakini wanaoondoka wakiwa wanunuzi ni wachache. Baadhi ni majirani waliotaka kujua jikoni kwa mwenzao kukoje; baadhi ni watu wanaojipatia mawazo ya kupaka rangi nyumba zao wenyewe.

Kama ni hivyo, kwa nini desturi hiyo haifi? Jibu liko kwa dalali. Dalali wa Marekani ana mkataba wa maandishi na mwenye nyumba, na ujira wake unajulikana: kwa miaka mingi ada ya madalali wa pande zote mbili ilikuwa asilimia 5 hadi 6 ya bei. Siku ya mlango wazi humsimamisha sebuleni mbele ya watu wanaotafuta nyumba. Hata kama hakuna hata mmoja atakayeinunua nyumba ile, dalali ataondoka na majina na namba za simu za wateja wapya. Mwenye nyumba ndiye aliyefagia na kupiga deki. Aliyevuna ni mwingine.

Kwamba faida ya dalali na faida ya mwenye nyumba si kitu kimoja, hata huko kwenye mikataba ya maandishi, ni jambo lililopimwa na wataalamu. Mwaka 2008 wanauchumi wawili, Steven Levitt na Chad Syverson, walichapisha utafiti juu ya mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago. Waliona kwamba dalali anapouza nyumba yake mwenyewe huiacha sokoni kwa siku 9 au 10 zaidi, na hupata bei ya juu zaidi kwa asilimia 3.7, kuliko anapouza nyumba ya mteja. Kwa nyumba ya mteja, bei ya juu kidogo humwongezea dalali ujira mdogo tu, hivyo huona afadhali kumaliza kazi upesi.

Lakini kuna nchi ambako siku ya kutazama inafanya kazi kubwa zaidi. Huko Norway watu huitazama nyumba kwa pamoja mwishoni mwa juma, na aghalabu siku inayofuata dau huanza kupanda. Atoaye bei hawezi kurudi nyuma, kwani ahadi yake inambana kisheria. Huko Melbourne na Sydney, nchini Australia, nyumba nyingi hutazamwa Jumamosi kadhaa, kisha zikapigwa mnada hadharani. Hapo mlango wazi una maana: wanunuzi wanaonana, kila mmoja anajua kwamba hayuko peke yake, na bei inapatikana mbele ya macho ya wote.

Ni lazima tuulize ni kitu gani kinachowafanya watu hao watoe bei kubwa kwa nyumba waliyoiona kwa nusu saa tu. Si ujasiri wao. Ni kwa kuwa maswali mazito yamekwisha kujibiwa kabla hawajavuka kizingiti. Mnunuzi wa Norway husoma kwanza ripoti ya mtaalamu juu ya hali ya paa, kuta na mabomba. Mnunuzi wa Australia anaishi katika nchi ambako, tangu sheria ya Robert Torrens ya mwaka 1858 katika koloni la Australia Kusini, daftari la serikali ndilo linalosema ardhi ni ya nani, na neno la daftari hilo ndilo la mwisho. Mlango unafunguliwa baada ya daftari kufunguliwa. Jambo hili tulishike, kwani ndilo kiini cha habari yetu.

DALALI WA BUJUMBURA NA SIRI YAKE

Sasa tugeuze macho nyumbani. Dalali wa hapa, ambaye wengi humwita komisioneri, mara nyingi hana ofisi wala mkataba wa maandishi na mwenye nyumba. Mali yake ni moja tu, nayo ni habari. Yeye anajua kwamba nyuma ya ukuta fulani kuna nyumba inayouzwa, nawe hujui. Siku utakapojua bila yeye, hana tena cha kuuza.

Kwa sababu hiyo habari ya nyumba hupita mikono mingi. Dalali wa kwanza humnong'oneza wa pili, wa pili akamtafuta wa tatu mwenye mteja, na kila mmoja akaongeza chake juu ya bei. Tuchukue mfano. Mwenye nyumba anataka faranga milioni 150. Dalali wa kwanza anaitaja kwa milioni 158, na wa pili kwa milioni 165. Yupo mnunuzi mwenye milioni 152 taslimu, ambaye angemfaa kabisa mwenye nyumba. Lakini yeye anasikia milioni 165, anatikisa kichwa na kwenda zake. Mwaka unapita. Mwenye nyumba anaamini kwamba mji hauna wanunuzi, na mnunuzi anaamini kwamba mji hauna nyumba za kiasi chake. Wote wawili wamekosea, na hawatajua kwamba wamekosea, kwa kuwa hawakupata kuonana.

Hapa ndipo tunapoona tofauti kubwa kati ya kwetu na kwao. Marekani, siku ya mlango wazi inampendeza dalali kuliko inavyomfaa mwenye nyumba. Bujumbura, ingemfaa mwenye nyumba kuliko inavyoweza kumpendeza dalali. Bei ikiandikwa mlangoni, nyongeza ya siri inakufa. Wanunuzi wanne wakikutana uani, hakuna atakayedanganywa kwamba kuna mtu wa tano aliyekwisha kutoa zaidi. Mwenye nyumba akisimama mwenyewe kupokea wageni, anasikia kwa masikio yake watu wanasema nini juu ya mali yake: kwamba jiko ni dogo, kwamba gari haligeuki uani, kwamba bei imezidi. Hayo dalali hamwambii, kwa kuchelea kumpoteza.

Iko na faida ya gharama. Uhaba wa petroli ulioubana mji huu katika miaka ya karibuni umetufundisha kwamba kumzungusha mtu mmoja mmoja kutoka Kanyosha hadi Kigobe, kisha kumrudisha, si kazi ya bure. Katika Dar es Salaam mambo yamefikia mahali ambapo madalali humtoza mtu fedha kwa kuonyeshwa nyumba tu, apende asipende. Mlango uliofunguliwa kwa siku moja ungewaondolea watu mzigo huo.

Kwa hesabu hii, basi, tungeweza kusema haraka kwamba jibu ni ndiyo, na makala yakaishia hapa. Lakini yako mambo mawili yanayotuzuia: hofu ya mwenye nyumba, na hofu ya mnunuzi. Hofu zote mbili zina sababu.

HOFU YA MWENYE NYUMBA

Msafiri akipita Dar es Salaam au katika miji ya mashariki ya Kongo, ataona maandishi makubwa ya rangi ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Nchini Marekani kibao mbele ya nyumba hutangaza kwamba inauzwa, katika eneo letu maandishi yanayoonekana sana hutangaza kwamba haiuzwi. Mtu haandiki maneno hayo kwa kupenda. Huyaandika kwa sababu anajua kuna ndugu, mpangaji au tapeli anayeweza kuiuza nyumba hiyo nyuma ya mgongo wake. Tangazo hilo ni ushahidi wa maradhi: kwamba umiliki wa nyumba haujulikani kwa uhakika ila kwa maneno ya watu.

Katika Burundi maradhi hayo yana historia nzito. Matukio ya mwaka 1972 yaliwaua na kuwakimbiza watu wengi sana, na mali zao zikashikwa na wengine. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura kama Kamenge, Cibitoke na Ngagara ilibadilika wakazi kwa nguvu ya silaha. Watu walihama usiku mmoja wakiacha funguo mlangoni. Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwezi Agosti mwaka 2000 uliahidi kwamba waliorejea watapata haki juu ya mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyofanya kazi hadi muda wake ulipomalizika mwaka 2022. Mbele ya tume hiyo walifika waliopoteza nyumba, na walifika pia watu walionunua kwa nia njema, kwa fedha halali, kutoka kwa mtu ambaye naye alinunua kwa mwingine. Kila upande ulikuwa na machozi yake.

Kwa historia kama hiyo, kuuza nyumba hadharani si kitendo cha biashara tu. Majirani husoma maana. Mtaa ukisikia fulani anauza, huulizwa: amefilisika? Anakimbia? Amesikia jambo tusilolisikia sisi? Katika msukosuko wa mwaka 2015, wakati maelfu walipovuka mpaka, nyumba iliyotangazwa kuuzwa ilikuwa kama barua ya kuaga. Wadai nao husikia, wakaja mbio. Ndugu wa mbali ambao hawajaonekana tangu mazishi ya baba hukumbuka ghafla kwamba nao wana fungu. Ndiyo sababu muuzaji hupenda giza.

Tena kuna umbo la maisha yenyewe. Nyumba za kale za Buyenzi na Bwiza aghalabu zina vyumba vinavyoizunguka ua moja. Mwenye nyumba na wapangaji huchota maji na kupika pamoja. Kuruhusu watu wasiojulikana wapite humo mchana kutwa ni kuvunja sitara ya familia tatu au nne, ambazo baadhi hazijui hata kwamba nyumba inauzwa. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wazee wengi wataiona nyumba iliyofunguliwa kwa kila mpita njia kuwa imejitembeza. Wezi nao wana macho: wataingia kama wanunuzi, na kutoka wakijua dirisha lipi halina nondo.

HOFU YA MNUNUZI

Kwa upande wa mnunuzi, macho peke yake hayatoshi. Nyumba njema si mlango, wala si vigae vipya vya sebuleni. Mambo matatu makubwa hayaonekani siku ya kutazama, hata ukitazama kwa taa.

La kwanza ni maji. Mtu atakayetazama nyumba mwezi Julai, jua linawaka na vumbi limetulia, ataiona kila nyumba ya Bujumbura kuwa kavu. Mwezi Aprili husema mengine. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa iliteremsha maji na matope kutoka milimani juu ya mitaa ya kaskazini ya mji, na watu zaidi ya 60 walikufa. Mwaka 2020 mto Rusizi uliifurika Gatumba, na watu kwa maelfu wakahamia kambini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi karibu na kiwango lilichofikia mwaka 1964, likaingia katika nyumba za ufukoni ambazo miaka michache kabla zilihesabiwa kuwa za fahari. Kando ya mto Ntahangwa, kingo zinazomomonyoka zimekwisha kumeza nyumba. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya meta 150 kutoka ufukoni mwa ziwa. Lakini nyumba iliyojengwa ndani ya meta hizo haina alama usoni. Rangi mpya ya ukuta huficha mstari uliochorwa na maji.

La pili ni familia. Kwa miaka mingi mirathi katika Burundi imekuwa ikiamuliwa kwa desturi, na kwa Waislamu wa mjini kwa mafundisho ya dini yao pia. Nyumba iliyoachwa na marehemu ina wenyewe wengi hata kama anayeonyesha vyumba ni mmoja: mjane, watoto wa mke wa kwanza, binti aliyeolewa Uvira, kijana aliyeko Kigoma. Fikihi inafundisha haki ya shufaa, yaani mshirika katika mali kupewa nafasi ya kununua kabla ya mgeni. Madhehebu ya Shafi yanaitambua kwa mshirika peke yake, na ya Hanafi yanaifikisha hata kwa jirani. Mnunuzi aliyeuona mlango bila kuiona familia amenunua kesi.

La tatu, na ndilo kubwa, ni hati. Wabelgiji walileta utaratibu wa kuandikisha viwanja katika daftari, uliochota katika wazo lile lile la Torrens. Sheria ya Ardhi ya tarehe 9 Agosti 2011 inatambua hati kamili inayotolewa na Ofisi ya Hati za Ardhi, na pia cheti cha ardhi kinachotolewa katika tarafa. Lakini katika mitaa mingi mtu hushika tu karatasi ya mauziano yenye sahihi za mashahidi. Karatasi ya namna hiyo inaweza kuwa ya kweli, na inaweza kuwa na pacha wake mkononi mwa mtu mwingine. Nyumba moja ikiuzwa kwa watu wawili, wote wawili huwa waliiona, waliingia ndani, waligonga kuta. Macho yao hayakuwaokoa. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia: mbuzi umemwona, lakini kamba iko mkononi mwa mwingine.

MLANGO UPI UFUNGULIWE KWANZA

Tukiyaweka yote haya katika mizani, jibu letu linakuwa hili. Siku ya kutazama nyumba inaweza kumsaidia muuzaji wa Bujumbura, pengine zaidi kuliko inavyomsaidia mwenzake wa Marekani, kwa kuwa hapa inavunja ukuta kati ya muuzaji na mnunuzi ambao kule haupo. Lakini inasaidia kwa sharti moja: uwe ni mlango wa mwisho kufunguliwa, usiwe wa kwanza.

Wa kwanza ni mlango wa familia. Anayetaka kuuza awaite wenye haki wote, mke au mume akiwa wa kwanza, na neno lao liandikwe na kutiwa sahihi kabla mgeni yeyote hajaitwa. Jamii yetu inayo desturi nzuri ya kuwaweka Bashingantahe na majirani kuwa mashahidi wa mapatano. Lakini kwa kawaida huitwa siku ya malipo, kuja kushuhudia jambo lililokwisha. Ingefaa waitwe mwanzoni.

Wa pili ni mlango wa karatasi. Muuzaji aweke nakala ya hati, mchoro wa kiwanja, na stakabadhi za maji na umeme za REGIDESO mahali ambapo kila mtazamaji anaweza kuzisoma, pamoja na bei iliyoandikwa kwa tarakimu. Mnunuzi aende mwenyewe Ofisi ya Hati za Ardhi kuuliza kama namba ile ni ya mtu yule, na kama nyumba haiko rehani benki wala haina pingamizi la mahakama. Asimtume dalali.

Wa tatu ni mlango wa jirani. Mnunuzi mwenye busara atazungumza na watu wa nyumba ya pili na ya tatu, na mkuu wa mtaa, na nyumba kumi wake. Awaulize maji yalifika wapi mwezi Aprili mwaka 2024, na nani alikuwa akiishi hapa kabla ya huyu, na kabla ya huyo. Hapo ndipo mlango wazi unapotoa faida yake iliyojificha: nyumba inayotazamwa hadharani hutazamwa na jirani pia, na jirani akiwa na neno atalisema kabla fedha hazijatoka, badala ya kulisema mahakamani miaka mitano baadaye. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kuliogopa neno hilo. Anayeliogopa amekwisha kutuambia jambo juu ya nyumba yake.

Baada ya hayo mlango wa mbao na ufunguliwe. Nyumba mpya zilizo tupu, zilizojengwa na kampuni au na mtu mwenye hati kamili, zinafaa kufunguliwa siku nzima, watu wakaja kwa wingi. Kwa nyumba za familia zenye wapangaji, njia ya kati ni bora: saa chache, watu walioandika majina yao mlangoni, wapangaji wamearifiwa mapema, na mwenye nyumba mwenyewe akiwapo. Hilo halivunji heshima ya mtu.

WAJIBU WA WENYE MAMLAKA

Mwananchi peke yake hawezi kuyamaliza haya. Kenya ilitunga mwaka 1984 sheria inayomtaka kila dalali wa nyumba aandikishwe, na ingawa wasioandikishwa bado wapo huko, mwananchi aliyedhulumiwa anajua pa kuanzia. Jirani yetu Rwanda, kwa kazi iliyomalizika mwanzoni mwa miaka ya 2010, iliandikisha ardhi nchi nzima, na viwanja zaidi ya milioni 10 vikapewa namba. Kwa namba hiyo mnunuzi ana kitu cha kuuliza na mahali pa kuulizia.

Bujumbura nayo inahitaji mambo hayo mawili. Madalali hawana haja ya kufukuzwa, kwani kazi yao ni ya kweli na familia nyingi zinaishi kwayo. Wanahitaji daftari, kitambulisho, na ujira uliotajwa wazi katika mkataba. Dalali mwenye mkataba hana haja ya kuficha bei, na huenda akawa wa kwanza kutangaza siku ya kutazama, kama wenzake wa Chicago. Na daftari la ardhi linahitaji kuwa rahisi kuulizwa, kwa muda mfupi na kwa ada ambayo hata mwalimu anaimudu. Ofisi ikimjibu mwananchi kwa siku mbili badala ya miezi miwili, itakuwa imeuza nyumba nyingi kuliko matangazo yote ya simuni.

Serikali ilipohamishia makao makuu ya kisiasa Gitega kwa sheria ya mwaka 2019, baadhi ya watu walidhani nyumba za Bujumbura zitakosa thamani. Bujumbura imebaki kuwa mji wa biashara, wa bandari na wa ziwa, na watu wanaendelea kununua na kuuza. Hakuna haja ya kuuza kwa hofu. Mwenye nyumba aliyewakalisha ndugu zake, akaweka hati mezani, akawaacha majirani waseme, anaweza kuufungua mlango wake Jumapili yoyote, naye mgeni akaingia akijua anachokinunua na anayemlipa. Asiyeweza kufanya hayo matatu, watu 100 wakipita sebuleni kwake hawatamletea ila vumbi la viatu vyao.